Taa Zikiwaka, Mtazamaji Ananyang'anywa Maiki

Kinachoitwa mazungumzo baada ya filamu, katika matamasha yetu mengi, ni hafla ya kushukuru wadhamini. Taa zinawaka, mshereheshaji anapanda jukwaani, itifaki inazingatiwa, mwongozaji na waigizaji wake wanaitwa mbele, makofi yanapigwa. Swali la kwanza analiuliza mshereheshaji mwenyewe: nini kilikusukuma kutengeneza filamu hii? Mwongozaji, ambaye ameshalijibu swali hilo katika kila mji aliopita, anatusimulia utoto wake. Wanaruhusiwa watazamaji wawili. Wa kwanza hana swali, ana mchango, na mchango wenyewe hauna mwisho. Wa pili anapewa maiki ikiwa imekufa betri. Muda hauturuhusu. Njooni tupige picha ya pamoja.

Huo ni wizi. Aliyeibiwa ni mtu aliyekaa saa mbili gizani, akacheka, akakasirika, akabaki na jambo linalomkereketa rohoni kuhusu mwisho wa hadithi, na aliyetengeneza huo mwisho yuko hatua kumi mbele yake. Nafasi kama hiyo huipati kwenye televisheni wala kwenye simu. Ndiyo sababu pekee ya maana ya mtu kuacha kochi lake nyumbani akaenda kukaa kwenye kiti cha plastiki cha tamasha. Tunaitwaa, tunampa hotuba.

Nilikuwepo kwenye tamasha moja la huku kwetu, silitaji, ilipooneshwa filamu ya Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Ukumbi umejaa Waswahili. Mezani wamekaa watu watano, wote Kiswahili wamekinyonya. Mazungumzo yakaendeshwa kwa Kiingereza, kwa sababu safu ya mbele walikaa wageni watatu na mmoja wao ndiye mwenye fuko la fedha. Nyuma yangu bibi mmoja wa makamo akawa anamgusa kijana wa jirani, "wasemaje?" Kijana akamtafsiria jibu la kwanza, la pili akalikata nusu, la tatu akatoa simu yake. Bibi akachukua mkoba wake akaondoka. Bado mwigizaji mkuu alikuwa hajasema neno. Muda mfupi kabla ya hapo, ndani ya filamu, dada yule alikuwa amemkabili mama mkwe wake kwa maneno makali, ya mafumbo na kejeli, mpaka watu wakapiga vigelegele. Sasa anaulizwa, kwa Kiingereza, alijisikiaje kufanya kazi na mwongozaji. Akajibu sentensi mbili za usaili wa kazi, akatazama viatu vyake. Mtu aliyetoka kututikisa kwa lugha yake mwenyewe tukamfanya bubu mbele ya watu wake, tena usiku wa sherehe yake.

Nitaambiwa wageni nao wana haki ya kuelewa. Wanayo. Basi wakalimaniwe wao! Tamasha linalomudu vitambaa vyeupe na vinywaji vya usiku wa ufunguzi haliwezi kushindwa kumlipa mkalimani mmoja akae safu ya mbele. Kwa nini mzigo wa kutoelewa aubebe mwenyeji? Nenda Ufaransa kwenye tamasha la filamu uone kama watazamaji wa Kifaransa wataachwa bila tafsiri ili mgeni mmoja kutoka Dar es Salaam asisumbuke.

Kuna hoja nyingine, hii husemwa pembeni, kwamba watazamaji wetu hawajui kuihoji filamu. Anayesema hivyo hajawahi kuingia kibanda umiza, kile kibanda cha mtaani cha kuoneshea filamu. Kina Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya walijenga majina kwa kusimulia filamu za kigeni juu ya sauti zake, wakiwakejeli wahusika na kuwapa majina ya mtaani, na watazamaji nao wakijibizana na kioo. Kampala wana VJ Jingo na wenzake. Mteja wa kibanda humwuliza shujaa, risasi ikiwa hewani, kwa nini hakufunga mlango. Hiyo ni kazi ya mhakiki, ila inafanywa kwa sauti ya juu na jojo mdomoni. Mtu huyohuyo ukimkalisha ukumbini ukamwekea Kiingereza, wafadhili na mshereheshaji mwenye tai, atanyamaza, kisha utaandika ripoti kwamba umma hauna utamaduni wa filamu.

Ousmane Sembène wa Senegal alikuwa ameshatoa riwaya kadhaa alipokwenda Moscow kusomea filamu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sababu yake ilikuwa wazi: wananchi wengi wa kwao hawakuweza kusoma vitabu alivyoviandika kwa Kifaransa. Mwaka 1968 akatoa Mandabi kwa Kiwolofu, na filamu zake alizipeleka hadi vijijini akakaa kuzijadili na waliozitazama. Mwaka huohuo, Argentina ikiwa chini ya utawala wa kijeshi, Fernando Solanas na Octavio Getino walitoa La hora de los hornos, filamu ya zaidi ya saa nne iliyooneshwa kwa siri majumbani na kwenye mikutano ya wafanyakazi. Waliitengeneza iweze kusimamishwa katikati ili watu wabishane. Kutazama tu kulitosha kukupeleka rumande, na bado watu walikuja, wakasema. Sisi wenye vipaza sauti, taa na kibali cha serikali tunampa mtazamaji dakika tano!

Wala mifano ya kwetu haikukosekana. Tamasha la ZIFF la Zanzibar, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1990, limewahi kutoka Ngome Kongwe na kupeleka filamu vijijini Unguja na Pemba. Rwanda, Eric Kabera na wenzake wa tamasha la Hillywood walizunguka mashambani na kioo cha kupulizwa upepo. Kwa hiyo kumfuata mtazamaji alipo tunajua. Kumsikiliza akishatazama ndiko kunakotutoa jasho.

Na kuna ya kuuliza. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2021, imetokana na riwaya ya Adam Shafi ambayo maelfu wameisoma shuleni. Mtu aliyeisoma ana haki ya kumbana mwongozaji: riwaya ina umati wa watu na misukosuko ya Unguja chini ya Mwingereza, kwa nini umeibana hivyo kwenye Denge na Yasmin? Siti Amina, aliyeigiza Mwajuma, ni mwimbaji wa taarabu maishani mwake. Ningemwuliza ni wapi alijizuia kuwa Siti ili awe Mwajuma. Mji Mkongwe wa leo umejaa nyaya, madishi na viyoyozi, mlivificha wapi? Na lile swali ambalo mshereheshaji hulikimbia: nani alilipa, na aliomba nini kibadilishwe? Ukiwauliza watengenezaji wenyewe, wengi watakwambia haya ndiyo waliyokuwa wakiyasubiri. Kusifiwa wameshachoka.

Fedha hasa. Enzi za CD na DVD, watayarishaji wengi wa Bongo Movie waliuza kazi zao jumla kwa wasambazaji, wakabaki na umaarufu mtupu huku filamu ikiendelea kumlisha mwingine. Waigizaji walilijua hilo. Jukwaani hawakuulizwa. Waliulizwa wana ujumbe gani kwa vijana.

Mtazamaji akinyamazishwa, hasubiri zamu yake, wengine humsemea. Aprili 2018 bodi ya uainishaji wa filamu ya Kenya iliipiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa Cannes. Septemba mahakama ikairuhusu ioneshwe kwa siku 7 tu, na kumbi za Nairobi zikafurika. Uipende filamu ile au uichukie, tazama nani alikuwa na usemi: bodi, mawakili, jaji. Wakenya waliotaka kuibishia uso kwa uso, wa upande huu na wa upande ule, walipewa wiki moja. Samantha Mugatsia, mmoja wa wahusika wakuu wawili, alitunukiwa tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la FESPACO mwaka 2019, Ouagadougou. Huko walikuwa na nafasi ya kumtazama na kumpima. Nyumbani tulikuwa kortini.

Waandaaji, shukrani zenu zitoeni kabla filamu haijaanza, wakati watu bado wanatafuta viti. Ikimalizika, nusu saa ni ya watazamaji, kwa Kiswahili, na iandikwe kwenye ratiba kama inavyoandikwa saa ya chakula cha wageni waalikwa. Swali la kwanza litoke viti vya nyuma. Waigizaji watangulie kujibu, mwongozaji aje baadaye. Yeye ameshasema kwa saa mbili. Mshereheshaji asiyeitazama filamu asipande jukwaani. Na profesa mwenye mchango akatizwe, hata kama mlisoma naye.

Nawe msomaji uliyezoea kukaa nyuma: tamasha lijalo usiondoke taa zikiwaka. Nyoosha mkono, simama, uliza kwa Kiswahili, swali moja, lenye makali. Wakikwambia muda umekwisha, waulize umeliwa na nani.