Ndugu Mdogo, Patana Kwanza na Kaka Yako

Ndugu mdogo, umemaliza shule na umekuja kukaa kwa kaka yako katika skimu. Heko, maana wengi wa rika lako wamekimbilia mjini wakakosa hata mahali pa kulala. Lakini kuna neno moja yafaa ulisikie kabla hujashika jembe: patana na kaka yako juu ya ujira.

Najua wazee hawatalipenda. Watasema ndugu hawapimiani kazi. Mimi naona ndugu ndio wanaopaswa kupatana kwanza. Kibarua akidhulumiwa huenda zake. Ndugu hubaki akinung'unika miaka kumi, mpaka siku ya kugawana shamba, na siku hiyo panga huwa karibu. Mashamba kama yale ya Lugari, yaliyogawiwa katika miaka ya 1960, yaliandikwa kwa jina la mwenye kupewa, na ndiye aliyedaiwa mkopo. Jasho lako peke yake halitaandika jina lako kwenye hati. Wala kaka hawezi kukukatia sehemu kwa mdomo tu: kwa sheria ya mwaka 1967 shamba la kilimo haligawanywi bila idhini ya bodi ya ardhi. Maneno ya jikoni si idhini.

Basi uombe nini? Usiombe mshahara wa kila mwezi, pengine hana. Omba nusu ekari ulime mahindi yako mwenyewe, na mtamba mmoja ukimaliza miaka miwili. Mapatano yaandikwe katika daftari mbele ya mama au mzee mwingine, nanyi wote wawili mtie sahihi. Na mbegu ya haibridi ununue mpya kila mwaka. Tangu Kitale walipotoa ile ya 611 mwaka 1964, wako wakulima wanaopanda tena punje za ghalani, kisha wanailaumu mvua.

Ukiweka akiba ya kununua ng'ombe wa pili, usiende peke yako Lubao. Soko lile la barabara ya Webuye ni zuri, hata mbwa huuzwa pale, lakini dalali humtambua mgeni kwa mbali. Nenda na mtu anayejua mifugo. Tazama ndani ya masikio ya mnyama: kupe wa kahawia hupenda kukaa humo, naye ndiye aletaye ndigana kali, ambayo huua ng'ombe wa gredi upesi. Chanjo yake ipo, nayo huchanjwa mara moja tu. Muulize afisa wa mifugo, na usitoke sokoni bila kibali cha kusafirisha mnyama.

Nawe kaka unayesoma haya, usikasirike. Ukiwa na kijana anayekuamkia kukamua kabla ya mapambazuko, mwite leo jioni. Akikuuliza ni mtamba yupi, mpeleke zizini umwonyeshe.