Mbuzi mjini: tatizo ni mnyama au nafasi?

Kila Sikukuu ya Idi el-Hajj inapokaribia, mbuzi huongezeka katika mitaa ya pembezoni mwa Dar es Salaam. Wengine hununuliwa mnada wa Pugu na kukaa siku chache tu. Lakini kuanzia Bunju na Mbweni upande wa Kinondoni hadi Chamazi na Toangoma upande wa Temeke, ziko kaya zinazofuga mwaka mzima. Kwao mbuzi ni akiba: ada ya shule ikifika au mgonjwa akilazwa, mmoja huuzwa.

Akiba hiyo sasa inabanwa na ardhi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ni ongezeko la zaidi ya watu milioni moja kwa miaka kumi, na wengi wao wamejenga pembezoni. Mapori ambako mbuzi walikuwa wakila majani yamegeuka viwanja, na viwanja vimezungushiwa ukuta.

Matokeo yake yanajulikana. Mbuzi akifunguliwa anakula mchicha wa jirani, anavuka Barabara ya Kilwa au ya Bagamoyo, au anapakiwa kwenye pikipiki na kupotea. Kesi hufika ofisi ya serikali ya mtaa, majirani hununiana, na mwishowe husikika kauli moja: mbuzi waondolewe mjini.

Sheria inasemaje?

Kufuga mjini si kosa lenyewe. Kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 ziliruhusu ufugaji kwa masharti. Mifugo ilishwe ndani badala ya kuchungwa mitaani, na kwa ng'ombe kikomo kikawa wanne kwa mfugaji. Upande wa pili, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamdai mwenye mnyama chakula, maji na makazi yanayofaa.

Ukiziweka pamoja unaona ugumu ulipo. Ya kwanza inasema mfungie, ya pili inasema asiteseke. Wengi hutii ya kwanza kwa kumfunga mbuzi kamba fupi kwenye mti, au kumbana nyuma ya choo kwenye tope. Mbuzi havumilii unyevu. Mvua za masika, Machi hadi Mei, zikikuta sakafu ya udongo, kwato huoza, minyoo huongezeka na homa ya mapafu husambaa upesi kwa waliorundikana. Harufu anayoilalamikia jirani nayo hutoka hapo hapo, kwenye mkojo na samadi iliyolowa.

Hesabu ya nafasi

Banda la kichanja, lililoinuliwa kiasi cha mita moja kutoka ardhini, hupunguza sana shida hizo. Sakafu ni ya mbao zilizoachiana sentimeta moja na nusu hivi, ili samadi idondoke chini na kufagiliwa kila siku, bila miguu ya mbuzi kunasa. Upande unaopigwa na mvua ya kusi uzibwe na ule mwingine uachwe wazi juu ili hewa ipite. Mlango uwe na kufuli.

Mbuzi mkubwa anahitaji takriban mita moja na nusu ya mraba ndani ya banda. Wanne wanahitaji mita sita. Ongeza uwanja wa kutembea wenye uzio, mara mbili au tatu ya banda, na jumla ni mita 18 hadi 24 za mraba. Kiwanja cha 20 kwa 20 kina mita 400, kwa hiyo wanne wanaenea. Kwenye 10 kwa 10 chenye nyumba, choo na kisima, hata wawili ni wengi.

Uwanja huo wa nje si anasa. Mbuzi ameumbwa kupanda na kuchuma majani juu. Mpe gogo la kupandia na mafungu ya lukina yaliyoning'inizwa. Mwondolee plastiki: mifuko ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini vifungashio bado vimezagaa, na kikijaa tumboni mnyama hufa taratibu.

Nani aamue?

Kuwafukuza mbuzi wote kunaiadhibu kaya iliyojenga banda safi pamoja na ile inayoachia mifugo barabarani. Kuwaacha wote kunamwumiza jirani. Njia ya kati ni idadi ya mbuzi kufuata ukubwa wa kiwanja, na afisa mifugo wa kata kukagua banda kabla ya malalamiko, si baada yake. Jambo hili linaweza kuanza kwenye mkutano wa mtaa. Mfugaji aende na vipimo vya kiwanja chake, na jirani aseme wazi kinachomkera: ni mbuzi mwenyewe, au ni harufu, kelele na mchicha ulioliwa? Hayo matatu yana dawa.