Kosa ni la Mizani, si la Mtoto

Wapo walimu wenzetu, mjini Lilongwe na katika makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, wasemao kwamba mtoto aliyetoka Kongo au Burundi ni mzito wa akili. Ushahidi wao ni alama zake katika mtihani wa Kiingereza. Hudhani kwamba wanasema kwa kauli ya sayansi. La hasha! Sayansi yenyewe inawakana.

Saikolojia ya majaribio ilipata maabara mwaka 1879, Wilhelm Wundt alipoianzisha mjini Leipzig, Ujerumani, ili hisia za binadamu zipimwe kwa saa na vyombo badala ya kukisiwa. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus, naye Mjerumani, akatangaza majaribio aliyojifanyia mwenyewe: alikariri silabi zisizo na maana, akapima jinsi alivyozisahau. Akakariri pia beti za Byron, akaona kwamba maneno yenye maana yalimgharimu takriban sehemu moja tu ya kumi ya juhudi ile.

Basi na tuulize: mtoto wa Kiswahili, akaririshwapo Kiingereza ambacho hajafafanuliwa, anakariri nini ila silabi tupu? Tunamtwika mzigo maradufu, kisha twamlaumu kwa kuchoka.

Tena, mwaka 1979 Robert Serpell alitoa matokeo ya kuwalinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza. Kwa penseli na karatasi Waingereza walishinda. Kwa kuunda vitu vya waya Wazambia walishinda. Kwa udongo walilingana. Akili ni zile zile. Kilichobadilika ni kipimo. Serpell huyo huyo alionyesha kwamba kwa Wachewa wa mashariki ya Zambia, ndugu wa Wachewa wa Lilongwe, nzelu si wepesi wa kujibu tu, bali pia ni kutumwa kazi ukaaminika.

Mtajibu kwamba Kiingereza ndicho lugha ya mtihani wa taifa. Ni kweli, nacho kifundishwe kwa bidii. Walakini kufundisha lugha si sawa na kuifanya mizani ya akili. Tangu Dzaleka ifunguliwe mwaka 1994, Kiswahili kimewaunganisha humo Wakongo, Warundi na Wanyarwanda. Mwalimu atakaye kujua akili ya mtoto, na amwulize kwanza kwa lugha aijuayo. Kabla ya hapo, hukumu yoyote ni dhuluma.