Megapikseli Haziongezi Mwanga Kanisani

Kijana anayesaka kamera yake ya kwanza ya DSLR, awe Mwanjelwa au Kihesa, swali analokutana nalo ni moja: ina megapikseli ngapi? Muuzaji huanza nalo, rafiki hulirudia, na akiba yote huishia kwenye bodi yenye namba kubwa. Lenzi haiulizwi. Inachukuliwa iliyokuja ndani ya boksi, basi. Imani hii ya megapikseli ni potofu, na inawaumiza watu ambao fedha yao haina nafasi ya kupotea.

Tupige hesabu. Picha ya inchi 4 kwa 6, ikichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi, inataka pikseli 1,200 kwa 1,800, yaani megapikseli 2 na ushee. Ukurasa mzima wa A4 haufiki 9. Canon EOS 300D ya mwaka 2003 ilikuwa nazo 6.3. Leo mtu anakosa usingizi kati ya Canon 4000D yenye 18 na Nikon D3500 yenye 24, zote za mwaka 2018, akidhani tofauti hiyo itaonekana kwenye albamu ya harusi. Haitaonekana.

Kitakachoonekana ni giza. Ingia kanisani Jumapili ya kipaimara mwezi Desemba, mvua inanyesha, wingu limefunika mlima Loleza, madirisha madogo. Mtoto amepiga magoti, mchungaji anamwekea mkono kichwani, na tukio limekwisha. Lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera, ukiivuta hadi mwisho, haifunguki zaidi ya f/5.6. Lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, ile inayoitwa fifti, hupitisha mwanga karibu mara 10. Pale ya kwanza inapolazimika kupiga kwa sekunde 1/20, ule mkono ukatoka kama moshi, fifti inapiga kwa 1/200 na vidole vinahesabika. Bodi mpya hustahimili ISO ya juu, yaani wepesi wa kuhisi mwanga, vizuri zaidi, sikatai, lakini katika bodi za daraja la kuanzia sijaona inayofidia pengo la mara 10. Flashi ya juu ya kamera nayo huunguza paji la uso na kuliacha kanisa jeusi nyuma. Ile 18-55 usiitupe: ukoo mzima ukijipanga nje baada ya ibada, hiyo ni kazi yake.

Ubishi wa Canon na Nikon nao unapigwa mahali pasipo pake. Zote hupiga picha nzuri. La kujua ni hili: fifti ya Canon ya aina ya EF inakubali kwenye DSLR zote za EOS na inalenga yenyewe. Nikon kuanzia D3000 hadi D3500, na D5000 hadi D5600, hazina mota ya kulengea ndani ya bodi. Ukiuziwa fifti ya zamani ya AF-D itaingia vizuri kabisa, lakini utalenga kwa mkono huku bibi harusi anatembea. Unayohitaji ni AF-S, yenye mota ndani ya lenzi yenyewe. Na ile 4000D, pete yake ya kufungia lenzi ni ya plastiki. Mtu atakayebadilisha lenzi kila wiki ni heri atafute 700D ya mtumba, ya mwaka 2013, megapikseli zilezile 18, pete ya chuma. Kisha aulizie wenye studio wa mtaani kwake wanatumia lenzi gani, kwa sababu kwao ndiko atakakoazima siku ya kazi kubwa.

Nyanda za Juu Kusini zina ushahidi wake wa nini hasa picha inadaiwa. Mwaka 2005 jarida la Science lilitangaza kipunji, tumbili aliyekuwa hajulikani kwa wanasayansi, kutoka misitu ya Rungwe na ile ya Ndundulu katika milima ya Udzungwa. Hapakuwa na mzoga wa kuupima. Alielezwa kwa picha. Miongoni mwa waandishi wa taarifa hiyo walikuwamo Noah Mpunga na Sophy Machaga. Picha zilitakiwa kuonyesha kishungi kilichosimama kichwani, ndevu za mashavuni na mkia, basi. Kilicholeta picha hizo ni watu waliokubali kukaa msituni.

Najua nitajibiwa kwamba anayeitamani Hifadhi ya Ruaha anahitaji pikseli nyingi ili aikate picha. Simba wa mbali aliyepigwa kwa milimita 55, mkate upendavyo, atabaki madoa ya rangi ya nyasi. Dawa yake ni lenzi ya 55-250 ya mtumba.

Hiyo ya mtumba usiilipie kabla hujaikagua. Ifungue vifuniko vyote viwili, mulika kwa tochi ya simu kutoka nyuma, uchungulie kwa mbele ukiigeuza taratibu. Ukiona vinyuzi vyeupe vinavyosambaa ndani ya kioo, ni fangasi, na kwa lenzi iliyokaa kabatini Tukuyu miaka kadhaa si jambo la ajabu. Mrudishie mwenyewe, hata akipunguza bei.