Uwanja wa Wote, Tiketi ya Wachache

Tukisikia gofu wengi wetu tunafikiria ukuta, mlinzi getini na ada ya uanachama. Bethpage, bustani ya umma ya jimbo la New York, Marekani, ni habari nyingine. Ina viwanja vitano, na haulizwi mtu uanachama, unalipa, unacheza. Mkaazi wa jimbo hulipa pungufu ya mgeni. Katika uwanja mgumu kuliko yote, uitwao Black, uliofunguliwa 1936, hata vigari hakuna, ni miguu yako kwa mashimo yote 18. Watu hulala ndani ya magari yao wakingojea zamu, fundi bomba mbele ya wakili. Foleni hiyo naipenda kuliko gofu yenyewe!

Lakini mwaka 2025 Kombe la Ryder lilipochezwa hapo, tiketi ya siku moja ya mashindano iliuzwa takriban dola 750. Mtu na mkewe, dola 1,500, kutazama tu uwanja ambao ni mali yao. Hilo silikubali. Jimbo likiukodisha tena, mkataba utaje kwanza tiketi za bei ya wenyeji, tena za siku za mashindano, si za mazoezi.