Anayetisha ni Mwenyeji

Anayefungua toleo hili la hadithi za kutisha atatarajia majitu, vizuka na vikongwe wa ajabu, na wote atawakuta. Hata hivyo, akizisoma kwa makini hadithi za giza za ufuo wetu wa Ziwa Victoria, ataona kuwa kiumbe wa ajabu mara nyingi hana hatia. Mwenye hatia ni aliyempokea. Simbi Nyaima, ziwa dogo la magadi karibu na Kendu Bay, husimuliwa kuwa lilikuwa kijiji. Watu walikuwa karamuni alipokuja ajuza mchafu kuomba hifadhi, wakamfukuza. Mama mmoja tu alimkirimu, naye akaonywa akimbie; waliobaki walizama na pombe yao. Huko Gwassi, Nyamgondho mwana wa Ombare, mvuvi fukara, alimvua ziwani ajuza wa jicho moja, akamtunza, na zizi likafurika ng'ombe. Siku alipolewa na kumtukana, ajuza alishika njia kurudi ziwani, na mifugo yote ikamfuata hadi majini. Wenyeji wangali wanaonyesha nyayo za mifugo hiyo mwambani.

Katika Hansel na Gretel ya ndugu Grimm, iliyotoka Ujerumani mwaka 1812, mambo ni kinyume: ajuza ndiye mla watoto, na kuchomwa kwake tanurini ni furaha ya msomaji. Tofauti hii ndiyo inayotupa jibu kwa wanaodai kwamba hadithi hizi huchochea chuki dhidi ya wazee. Hofu yao si ya bure. Mwaka 2008 umati uliwachoma moto washukiwa wa uchawi huko Kisii, wengi wao wakiwa wazee. Lakini msikilizaji wa Simbi hafunzwi kumwinda kikongwe. Anafunzwa kwamba kumfukuza kunaangamiza mji.

Atakayebisha kwa haki zaidi atamtaja Luanda Magere, shujaa wa Kano, uwanda wetu huu wa mpunga, aliyesemekana kuwa na mwili wa jiwe. Huyu aliangamizwa na mke aliyetoka kwa maadui zake Wanandi, baada ya mke huyo kugundua kuwa uhai wa mumewe ulikuwa kivulini. Je, hapa mgeni si ndiye hatari? Ni hatari, ila simulizi halikomei kwake. Wazee walimwonya Magere asimwoe, akapuuza. Na alipougua, ni yeye mwenyewe aliyemwamuru mkewe amchanje kivulini. Binti yule alikuwa mwaminifu kwa watu wake; Magere ndiye aliyeamini kwamba mwili wa jiwe haudhuriki.

Mwandishi Grace Ogot aliuelewa msingi huu, kwamba anayetisha ni mwenyeji. Katika hadithi yake kuhusu Oganda, binti wa mtemi anayetolewa kafara ili mvua inyeshe, zimwi la ziwani karibu halionekani. Kinachotisha ni ndugu na majirani wanaoimba na kumpongeza huku wakimsindikiza kwenye kifo.

Ndiyo sababu hatukuzipunguza makali hadithi za toleo hili, hata zile ambazo watoto watazisikia. Ukimwondolea ajuza uchafu na jicho lake moja, kumkaribisha hakumgharimu mtu chochote, na ukarimu usio na gharama haumpimi mwenyeji.