Kipimo cha Mwanga si Cheti

Kwa mwenye kuuza mboga Ulaya, shehena kukataliwa si habari ngeni. Kuanzia Januari 2013 Umoja wa Ulaya uliagiza asilimia 10 ya shehena za maharagwe mabichi na njegere za maganda kutoka Kenya zipimwe masalia ya dawa. Iliyoleta matata zaidi ni dimethoeti, ambayo haikutakiwa kuzidi miligramu 0.02 kwa kilo. Msafirishaji akibanwa hivyo, wa kwanza kuachwa ni mwenye robo eka ya mishiri, maana gharama ya maabara kwa gunia lake hailipi.

Ndipo vinapoingia vipimo vya mwanga. Kimeng'enya huchanganywa na rangi inayong'aa chini ya taa kama ile ya kukagulia noti bandia. Dawa za jamii ya dimethoeti hukizuia kimeng'enya kisifanye kazi, mng'ao hubadilika, na hata kamera ya simu yaweza kusoma tofauti. Ni kazi ya dakika, pale pale kwenye banda la kukusanyia mazao.

Lakini mnunuzi asikimbilie kufungua mkoba. Dimethoeti yenyewe hukizuia kimeng'enya hicho kwa unyonge. Kali ni omethoeti, inayotokana nayo. Kifaa kisicho na hatua ya kuigeuza kwanza chaweza kupitisha mzigo mbovu, na hilo ndilo swali la kumwuliza muuzaji kabla ya bei. Tena umajani wa ganda hung'aa wekundu chini ya taa hiyo hiyo, ndiyo maana maji ya mfereji hupimika kwa urahisi kuliko mboga iliyosagwa. Na kimeng'enya hakitaji dawa kwa jina, ilhali sheria ya Ulaya huweka kiwango kwa kila dawa.

Kwa maoni yetu, kifaa hiki ni chekeche. Kitumike kuchagua magunia ya kupelekwa maabara, hivyo fedha chache za kupima ziende kwenye mashaka. Gharama aibebe msafirishaji, kwani ndege ni yake na jina kwenye katoni ni lake. Akiikata kwenye malipo ya mkulima, mkulima atamkimbilia dalali asiyepima chochote. Wala gunia lisikataliwe kwa rangi ya karatasi peke yake. Mkulima apewe nusu ya sampuli, ifungwe mbele yake, ili akitaka ipimwe upya iwepo.